Kisanduku cha Chanzo

Warsha ilifanyika katika chumba kilicho juu ya duka la vyuma, kwa udhamini wa idara ya maji. Wanafunzi walikalia viti vya plastiki, simu zao zimechomekwa kwenye waya mmoja mrefu wa umeme. Dobi alikaa dirishani. Vidole vyake vilikuwa vimebabuka kwa sabuni na kioo cha simu hakikuvitambua, hivyo alibonyeza kwa kidole cha mwisho, ambacho kilikuwa na nafuu.

Zoezi lilikuwa kutengeneza programu ya kutatua shida moja ya mtaani. Mwalimu, kijana mpole, aliwaonyesha namna ya kuburuta kitufe hadi katikati ya kioo, kisha kujaza visanduku vilivyo chini yake: jina, kazi, chanzo. Kwenye jina Dobi aliandika MAJI. Kwenye kazi, TOA. Kisanduku cha chanzo hakukielewa, na alikuwa ameshauliza mno siku hiyo. Akakiacha wazi.

Kabla ya kufunga, desturi ya warsha ilikuwa kila mtu abonyeze kazi ya jirani yake. Jirani wa Dobi alikuwa kinyozi. Alibonyeza, na maji yakatoka kwenye tundu la chaja, meupe, yenye nguvu. Kinyozi aliinua miguu asilowe viatu.

"Yangu hata haifunguki," alisema. "Dada umetoboa."

"Kitufe chekundu ni cha kufuta vitu," alisema mwalimu akichungulia. "Weka cha bluu. Na uongeze kitufe cha kufunga." Akaenda kutafuta tambara.

Mtaani kwa Dobi bomba lilikuwa likitoa hewa tangu binti yake hajazaliwa. Mama yake, aliyevunjika nyonga, alikuwa hatoki kitandani, na kwa maji ya kubangaiza aliishia kupanguswa tu. Vidonda vya mgongoni vilikuwa vimeanza kunuka. Jioni ile Dobi aliinamisha simu juu ya beseni, akalijaza, akalijaza tena, akamwogesha kuanzia utosini hadi kwenye nyayo.

"Maji haya yana dawa," alisema mama, akinusa kiganja. "Kama ya wale wanaoogelea bwawani."

"Ni ya simu, mama."

"Na simu imeyatoa wapi? Miaka yote nawaambia nasikia maji chini ya kitanda, mnaniambia uzee."

Dobi alilaza sikio sakafuni. Bomba lilikuwa likinguruma huko chini, nene, likielekea kilimani kwenye nyumba zenye bustani. Alisikiliza kidogo, kisha akainuka kumpaka mama mafuta.

Majirani wakapanga ndoo mlangoni. Vidonda vikaanza kukauka. Wiki iliyofuata bwana wa idara ya maji alifika darasani, akakaa kwenye kiti cha plastiki kama wengine. Hakuwa na hasira. Kilimani, alieleza, maji yalikuwa yakipungua nguvu jioni, nyasi zinaungua.

Mwalimu alimulika programu ya Dobi ukutani ili wote wajifunze. "Hili kosa hata mimi nililifanya nikianza," alisema. "Kisanduku cha chanzo kikiachwa wazi, programu inachota kwenye bomba la karibu zaidi."

"Sasa la karibu si ndilo letu?" aliuliza Dobi.

"Lenu ni lile la uani, dada."

"Hili mama analilalia."

"Linapita," alisema bwana wa idara. "Linapita tu."

"Kama mgeni asiyebisha hodi," alisema kinyozi. Watu wakacheka, na yule bwana naye akacheka.

Mwalimu hakuwa na tabia ya kumfanyia mwanafunzi kazi yake. Alimrudishia Dobi simu.

"Nikikiacha wazi?"

"Haitapita ukaguzi. Itafutwa."

"Na nikijaza?"

"Itabaki. Ni yako."

Dobi aliitazama simu. Kisha, kwa kidole cha mwisho, aliandika: bomba la uani. Kinyozi akabonyeza. Simu ilikohoa, ikatoa hewa yenye harufu ya kutu, ikanyamaza.

"Hapo sasa," alisema mwalimu. "Imelingana kabisa na bomba lenyewe."

Programu ilipewa nafasi ya kwanza kati ya zote za warsha. Bwana wa idara alisema itasambazwa mtaa mzima, ili mwenye bomba kavu asihangaike tena kutoka nje kulifungua. Wagonjwa wangeanza kupewa.

Mama alishika simu kwa mikono miwili, akabonyeza kitufe cha bluu, akaisikiliza hewa mpaka ikaisha.

"Nyepesi kutumia," alisema, akamrudishia Dobi simu. "Haya, nigeuze upande wa pili. Huku kumeanza kunuka tena."