Mkono wa Darasa la Pili

"Mama, kitabu hakionjwi," alisema muuza vitabu.

Mwandika vyeti aliondoa mkono haraka. Alikuwa amelamba ncha ya kidole na kugusa kona ya ukurasa wa mwisho wa daftari, kama alivyozoea zamani, aone kama karatasi inanyonya au inakataa. Karatasi inayonyonya husambaza wino, na herufi hufura kama mguu ulioteguka. Hii ilinyonya. Akalirudisha daftari kwenye rafu, uso umemwiva kwa aibu.

Kwa miaka kumi na tisa, majina yote kwenye vyeti vya chuo cha wauguzi yalitoka mkononi mwake, kwa mwandiko wa mapambo. Kisha akateleza bafuni, kifundo cha mkono wa kulia kikavunjika, na mahafali matatu yakapita mashine ikiandika badala yake. Jana mkuu wa chuo akampigia simu. Mashine ilikuwa inameza mkato wa ng', na wahitimu wawili walikuwa wamekataa vyeti vyao kwa sababu majina yaliyoandikwa si yao.

"Niletee mstari mmoja Jumamosi," mkuu alisema. "Ukinyooka, kazi ni yako. Usiponyooka, dada yangu, tusidanganyane."

Leo ilikuwa Alhamisi. Asubuhi alikuwa amejaribu nyuma ya bahasha, n ikatoka imeinama kama mtu mwenye kichomi. Akaichana bahasha vipande vipande, akakaa jikoni. Kama mkono ulikuwa umekwisha, basi hakujua yeye mwenyewe angebaki nani.

Muuza vitabu alishusha kitabu kinene cha mazoezi. "Hiki ndicho kiboko yao."

Karatasi yake ilikuwa nzito, ya kuvutia kabisa. Akafunua. Kurasa tatu za q, kurasa tatu za x, sijui ni jina la nani lenye x, na ng' haikuwemo hata kwa bahati mbaya. Akageuza jalada aone bei, kisha akakifunga upesi kama mtu aliyefungua mlango wa bafu na kumkuta mtu ndani.

"Hakuna cha bei poa?"

"Kipo, ila ni cha watoto." Akamwekea mezani daftari lenye picha ya bata aliyevaa kofia. "Mjukuu yuko darasa la ngapi?"

Hakuwa na mjukuu. "La pili," akasema, na uongo ukamtoka laini kuliko herufi yoyote ya asubuhi ile.

"Mwandiko wake vipi?"

"Zamani ulikuwa mzuri. Akavunjika mkono."

"Maskini! Umepona lakini?"

"Mfupa umepona. Ila anaogopa. Akishika kalamu tu, mkono unatetemeka. Anaona bora asijaribu, maana akijaribu akashindwa, atakuwa ameshajua."

Muuza vitabu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Kwa darasa la pili, ana maneno makubwa huyo."

"Ndivyo alivyo."

Alifunua daftari la bata. Herufi zilichorwa kwa nukta nukta za kufuatisha. Baada ya n ikaja ny, na baada ya ny ikaja ng', ukurasa mzima, mkato umekaa pale juu mahali pake. Akamtazama muuza vitabu kwa wasiwasi.

"Onja tu, mama," alisema yule bwana, akageukia dirishani.

Akalamba kidole, akagusa kona ya ukurasa. Mate yalisimama juu ya karatasi, hayakupenya.

"Nachukua hiki."

Duka lile lilikuwa na desturi ya kuandika jina juu ya daftari la mwanafunzi kabla ya kulifunga kwenye karatasi, yasije yakachanganyika darasani. Muuza vitabu akachukua kalamu. "Anaitwa nani?"

Angeweza kutaja jina lolote, akalipa, akaenda zake. Lakini lebo za rafu, zote za mkono wa huyu bwana, zilikuwa zimeandikwa kama kuku aliyepita na matope.

"Mwandiko wako mbaya, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Nipe mimi niandike."

Yule bwana alicheka, kisha akampa kalamu ya ncha bapa, ile ya wateja kujaribia. Mwandika vyeti aliegemeza kiwiko mezani, akabana pumzi, akaanza kuandika jina lake mwenyewe. Herufi ya tatu ilitikisika. Alitaka kuacha. Hakunyanyua mkono, akaendelea mpaka ya mwisho, na alipomaliza macho yalikuwa yamemjaa machozi hata hakuweza kuona kama mstari umenyooka.

Muuza vitabu alilisoma jina akiwa upande wa pili wa meza. Akatazama kovu kwenye kifundo cha mkono wa mwandika vyeti. Sehemu ya "Darasa" chini ya jina ilikuwa bado wazi, naye hakuiulizia.

Mteja wa nyuma, mama mmoja mwenye haraka, akatua mzigo wake wa karatasi juu ya meza, pembeni kabisa mwa daftari.

"Shangazi, ondoa hapo tafadhali," muuza vitabu alisema, akiukinga ule mstari kwa kiganja bila kuugusa. "Wino haujakauka."