Armas Hakuitwa

Amanda Kuusela, mfagizi wa shule, alilisugua jiwe la marumaru la ukumbusho wa wanafunzi waliokufa vitani tangu alfajiri, na majina yote ishirini na matatu akayapitia kwa kidole. La mwanawe halikuwamo. Armas alisoma shule hiyohiyo ya Tampere, lakini miaka miwili nyuma, Wafini walipochinjana wenyewe kwa wenyewe, alikwenda na Wekundu, upande wa wafanyakazi ulioshindwa. Jiwe lilikuwa la Weupe, walioshinda.

"Jina lake litajeni mara moja tu," alimwomba mwalimu mkuu. "Kulichonga siombi."

"Amanda, shika ufagio wako. Usinitafutie balaa."

Saa nne ukumbi ukafurika watu waliokuja kuwakumbuka marehemu. Desturi yao ilikuwa jina likiitwa, aliyesoma na marehemu husimama akajibu, "Alianguka." Majina ya darasa la Armas yalijibiwa na Luteni Yrjö Hallavaara, aliyesoma naye. Huyo Amanda alikuwa akimlisha viazi jikoni kwake tangu ana meno ya utoto. Na ndiye aliyemsimamisha Armas ukingoni mwa shimo la mchanga, mikono imefungwa kwa waya, akamfumua kichwa kwa bastola. Amanda aliuosha uso wa mwanawe mwenyewe. Nusu yake tu, maana nusu nyingine haikuwepo.

Jina la mwisho likajibiwa. Mwalimu mkuu akafunga kitabu.

"Armas Kuusela!" Amanda akapaza sauti.

"Mtoeni kichaa huyo!" mwalimu mkuu akaamuru.

Askari wawili wakamrukia. Kitako cha bunduki kikatua mdomoni, meno yakamwagika sakafuni.

"Funga domo, we bibi!"

"Armas Kuusela!"

Kikatua tena, mbavuni, akazisikia zikivunjika. Wakamburuta kwa nywele. Akang'ang'ania mguu wa benchi, damu ikimtoka puani.

"Armas... Kuusela..."

Luteni Hallavaara akasimama, rangi imemtoka.

"Alianguka," akajibu.

"Yrjö, kaa chini! Umerukwa na akili?" mwalimu mkuu akafoka.

Hakukaa. "Nilimpiga risasi mimi. Aliniita kwa jina langu, nikampiga."

Askari wakamwachia Amanda. Alitambaa hadi kwa luteni, akajivuta kwa koti lake mpaka akasimama, akamzaba kofi. Akamzaba la pili, damu ikamtoka luteni mdomoni, wala hakuinua mkono kujikinga. La tatu lilimshinda. Akamwangukia kifuani akilia kwa sauti, maana katika ukumbi ule mzima hakuwepo mwingine aliyekubali kwamba Armas aliwahi kuishi.