Kiboko Jikoni kwa Dorca

Ukifika Dunga, huku kwetu ufuoni mwa ziwa, leo ukamkuta mbuzi juu ya bati na mzee mzima chini ya meza, usipigie polisi simu. Ni mambo ya kazi ya Opiyo.

Girish, mwenye boti za kutembeza wageni, alikuwa akitafuta nahodha wa kuwaambia wageni kwa Kiingereza kitu kiko wapi. Opiyo analijua ziwa kuliko samaki wenyewe, ila gugumaji lilikuwa limemeza nyavu zake, na mkewe Dorca alishamwambia kwamba akikosa kazi hii itambidi ahamie kijijini Nyamasaria kwa shemeji yake, achunge kuku. Mtu aliyewahi kupigana na samaki mbuta mwenye uzito wa ng'ombe, achunge kuku.

Basi nikajitolea kumfundisha. Kiingereza changu nilikiokota redioni, na kinanitosha. Nilipandisha sufuria mezani nikamwambia hiyo ni on. Nikaitia kabatini, in. Nikaisukuma chini ya kiti, under. Mwisho wa wiki Opiyo akatoka na sentensi tatu, zikamganda: the goat is on the roof, Fabian is under the table, the hippo is in the kitchen. Yaani mbuzi yuko juu ya bati, jirani yetu Fabian yuko chini ya meza, na kiboko yumo jikoni. Wakati huo mbuzi alikuwa amefungwa mtini, Fabian amekaa kitini na chai yake, na kiboko yuko ziwani, ambako ndiko kwao. Nikamwambia atazame vizuri, ajaribu tena. Akatazama vizuri, akarudia zilezile.

Tukaketi kikao ufuoni. Dorca ndiye aliyekata shauri.

"Ulimi wa Baba Ajwang hausogei," alisema akimtazama mumewe. "Mbuzi anasogea."

Siku ya mtihani, kabla Girish hajashuka garini, mbuzi alikuwa tayari juu ya bati. Fabian alijikunja chini ya meza akinung'unika kwamba hakustaafu ili aje kuwa kiatu. Girish akauliza mbuzi yuko wapi, kama ambavyo yeyote angeuliza. Opiyo akajibu. Akauliza habari za yule mzee. Opiyo akajibu. Girish akatabasamu, akauliza lile ambalo wageni hulifuata Dunga: kiboko je?

"The hippo is in the kitchen," Opiyo akasema, bila wasiwasi.

Tukatazama chini. Kiboko hatukumpanga; nani angempanga? Girish akaenda hadi jikoni kwa Dorca, akasukuma mlango, kisha akaurudisha polepole kama mtu aliyekuta choo kina mwenyewe. Ndani kiboko alikuwa akitafuna sukuma wiki ya jioni.

"Kazi umepata, Bwana Opiyo," akasema.

Nani alimwambia kiboko, hatujui. Ila wiki ile ya masomo niliona masikio mawili yamechomoza majini, yametugeukia.

Tangu hapo, wageni wakija kila mtu hushika nafasi yake, na kiboko huwahi kuliko Fabian. Dorca, kwa kukosa pa kupikia, alihamishia jiko lake botini. Juzi mgeni mmoja akauliza chakula kinapikwa wapi. Swali hilo hatukulipanga. Opiyo akakuna kichwa, akamtazama mkewe akigeuza samaki wa ngege kwenye mafuta.

"The kitchen," akasema, "is on the boat."

Safari hii hatukuhamisha kitu ili sentensi iwe kweli. Chini ya meza, Fabian akapiga makofi.