Raba Alizozichagua Safaa

Mjukuu wangu Safaa hununua viatu kwa utaratibu ambao sijauona kwa mtu mwengine. Siku tuliyokwenda Chake Chake alikataa kutoka asubuhi. Tuliondoka Ole kwa daladala baada ya adhuhuri, akaniteremsha Gombani, na kutoka hapo tukaenda mjini kwa miguu katika jua kali.

"Mguu uliopumzika hudanganya, Bibi," alinieleza. "Nataka mguu ujaribu kiatu ukiwa umevimba, kama utakavyokuwa njiani."

Alikuwa na sababu ya kujichunga hivyo. Bwana Haidar wa Wete, anayewatembeza wageni kwa miguu, alikuwa akitafuta kiongozi wa njia mpya ya mashamba ya Ole, na Jumamosi ile angekuja mwenyewe aongozwe na Safaa. Akiridhika, kazi ingekuwa yake. Asiporidhika, Safaa angerudi Unguja kukaa dukani kwa shangazi yake, jambo ambalo hakutaka hata litajwe.

Othman, muuza viatu vya mitumba, alimwekea mbele mabuti marefu ya ngozi.

"Haya ndiyo ya kazi, dada. Wazungu wote huvaa haya."

"Basi wawekee Wazungu," alijibu Safaa.

Alichukua raba fupi za kijivu, akaikunja moja. Ilikunjika penye vidole, si katikati, naye akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akapitisha ukucha katika meno ya soli. Akavaa soksi alizokuja nazo mkobani, akausukuma mguu mbele na kutia kidole nyuma ya kisigino. Kidole kikapita bila ya kulazimishwa. Kisha akapanda na kushuka ngazi za duka, akapanda tena, akashuka tena, kila mara akisikiliza kama vidole vinagota mbele.

"Wewe unanunua au unaposa?" aliuliza Othman.

"Naposa. Huyu nitashinda naye kutwa nzima. Wacha nimpeleleze."

Mimi niliyapenda yale mabuti, kwa kuwa yalikuwa na haiba. Nilinyamaza. Lakini tulipofika nyumbani alizitoa kamba za raba na kupitisha lastiki ya fundi cherehani katika matundu yake, na hapo sikuweza kunyamaza tena.

"Safaa, umeviharibu viatu vizima."

"Bibi, ile njia ina milango mingapi?"

"Nimekuuliza habari ya viatu."

"Nami nakujibu habari ya viatu, Bibi yangu."

Jumamosi nilifuatana nao, kwa kuwa haipendezi msichana kupita mashambani peke yake na mwanamume asiyekuwa wake, na miguu yangu, alhamdulillahi, bado inanibeba. Bwana Haidar alikuja amevaa mabuti yaliyofika nusu ya muundi, kamba zake zikipita katika kulabu nyingi. Alimsalimu Safaa kwa adabu, kisha akatazama chini.

"Na hizo zenye mpira wa suruali, ndizo za kutembelea?"

"Ndizo."

"Kiongozi hutazamwa miguuni kwanza, bibie."

"Inshaallah tutazitazama pamoja jioni," alisema Safaa, akatangulia.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na udongo mwekundu wa mteremko wa mikarafuu ulikuwa unateleza kama sabuni. Safaa aliuweka mguu upande, akauacha ushike, ndipo akahamisha uzito. Hakuteleza hata mara moja. Nitasema haki: mabuti ya Bwana Haidar nayo yalishika vizuri.

Kisha tukafika uani kwa Bi Tatu, ambako njia inapita. Huku kwetu mtu hakatizi ua wa mwenzake akaitwa "karibuni" asiitike. Na aliyekaribishwa huingia ndani, na hakuna aingiaye mkekani na viatu. Safaa alipiga hodi, akachomoa miguu, akawa ameshaketi. Bwana Haidar alibaki kizingitini akipambana na kulabu. Njia zake nyengine zote zilikuwa za msituni, ambako hakuna milango.

"Mwanangu," Bi Tatu alimwita kutoka ndani, "unavua viatu au unamenya muhogo? Chai inapoa!"

Nyumba ya pili mambo yakawa yale yale. Kutoka hapo Bwana Haidar hakuzifunga tena kamba. Alizichomeka tu ndani ili avue upesi mbele ya safari. Safaa alimwonya kwa upole kwamba bonde la mpunga linateremka sana.

"Mimi nimetembea kabla hujazaliwa," alisema.

Alipofika bondeni alikuwa akichechemea, kisigino kimechubuka kwa kucheza ndani ya buti. Mlangoni kwa Mzee Khatib akakaa chini ya ukingo wa paa.

"Ingieni nyinyi. Mimi nitangoja hapa."

Safaa alikuwa ameshavua. Alirudi, akachutama mbele yake, akasema kwa sauti ya chini ili mwenye nyumba asisikie:

"Bwana Haidar, njia yote iliyobaki ni konde lake. Mzee hatoki kitandani, na mgeni ndiye furaha yake. Tukimpita leo, kesho wageni wako watapita wapi?"

Bwana Haidar akayavua mabuti, akaingia akichechemea, akaupokea mkono wa Mzee Khatib kwa mikono yake miwili. Mazungumzo yalipokwisha, Safaa alimtolea plasta na soksi kavu kutoka mkobani mwake, akamwelekeza azibane kamba penye kifundo na kuzilegeza penye vidole. Akafuata maelekezo hayo kama mwanafunzi wa skuli.

Jioni, Bwana Haidar alipokwisha kushukuru kwa chai ya kwangu, alisimama mlangoni na mabuti mkononi.

"Wageni wako wa kwanza watakuja Jumatano," alimwambia Safaa. "Utawaambia wavae nini?"

"Niletee kwanza niione miguu yao," alijibu Safaa.

Alicheka, kisha akanigeukia mimi.

"Bibi, ile lastiki mliinunua kwa fundi gani?"

Nilimwelekeza kwa Mardhiya, nyuma ya skuli. Nilimwambia aende alasiri, na aende kwa miguu.