Upande wa Baba

“Na upande wa baba?”

Kalamu ya daktari ilisimama juu ya karatasi. Alikuwa amechora viduara vya wanawake na miraba ya wanaume, akaviunganisha kwa mistari kama mtu anayeshona wavu uliochanika. Jina lake Theophil, kijana wa Bukoba aliyeletwa Kigoma kikazi. Mbele yake alikaa binti yangu Joanitha, miaka thelathini na minne, uvimbe wa titi la kushoto umeshakuwa jiwe.

“Upande wa baba hakuna kitu,” akajibu. “Bibi alikufa kwa malaria.”

Mimi nilikuwa kwenye benchi, mgongo ukutani. Uongo ule tuliutunga mimi na kaka yangu Alphonce.

Miaka miwili nyuma, Joanitha alikwenda zahanati na kijivimbe cha ukubwa wa punje ya harage. Wakamuuliza: mama yako aliwahi kuumwa titi? Bibi mzaa mama? Mama wadogo? Hapana, hapana, hapana. Mama yake yu hai mpaka leo, anauza vitenge Mwanga, hapa hapa mjini, na mdomo wake unasikika soko zima. Basi wakamwambia, wewe bado kijana, hayo ni maziwa yameganda, nenda nyumbani. Hakuna aliyeuliza habari zangu. Kana kwamba mtoto huzaliwa na mama peke yake, baba hupita tu kusalimia.

Na kweli nilikuwa nikipita. Darasa la tatu nilisomea Kasulu, la nne Uvinza, la tano sikulisoma. Nimebeba chumvi, nimepika kwenye boti za Kalemie, ng'ambo ya ziwa, nimelala bandarini Mpulungu mpaka wakanipa jina la kwao. Lakini mama yangu alipokufa pale Ujiji, nilikuwapo. Titi lilipasuka. Wakalifunika kwa jani la mgomba lililopashwa moto, na sisi watoto tukahamishiwa kwa jirani kwa sababu ya harufu. Miaka kumi na miwili baadaye ugonjwa ule ule ukamshika dada yetu Agnesi. Ndipo Alphonce akasema kwa sauti kile ambacho watu walikuwa wakinong'ona: ni Rozalia, mke mdogo wa baba, anatumaliza kwa uchawi. Tukampandisha mama wa watu kwenye boti ya kwenda Mwamgongo, asirudi tena. Mimi ndiye niliyembebea masufuria. Si kwa huruma. Nilitaka aondoke upesi.

“Si malaria,” nikasema.

Joanitha hakugeuka. Nikaeleza yote, mama na Agnesi, na daktari akavipaka wino viduara viwili.

“Mzee,” akasema, “kuna hitilafu ya vinasaba inayoweza kutembea ndani ya ukoo. Mwanaume anaibeba, pengine haumwi maisha yake yote, na bado anamrithisha binti.”

Damu zetu zikapelekwa Dar es Salaam. Wiki zikapita. Majibu yakarudi: Joanitha anayo. Mimi ninayo. Rozalia hakuwa na damu yetu hata tone.

Akabaki Clementina, mdogo wake Joanitha, miaka ishirini na saba, posa yake imeshapokelewa. Nafasi yake, daktari alisema, ni moja kati ya mbili. Apime vinasaba, na matiti yaanze kuchunguzwa sasa hivi.

Alphonce akatuita kwake Rusimbi.

“Feliksi, wewe umezoea kupita. Sisi tunakaa hapa na jina hili. Ukitangaza kwamba ukoo una sumu, nani atapiga hodi kwetu? Mtoto aolewe kwanza. Uchunguzi haukimbii.”

“Uvimbe ndio unakimbia!” Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. “Mama umemzika kwa malaria. Agnesi umemzika kwa Rozalia. Huyu utamzika kwa nini?”

“Tumemzika,” Alphonce akasema. “Usijitoe.”

Nikainama kukiinua kile kiti. Clementina ndiye aliyecheka, kicheko kikavu.

“Baba mkubwa, labda tutafute mwingine wa kupakia kwenye boti.” Akavaa kandambili zake. “Kesho naenda. Mchumba akitaka kukimbia, miguu anayo.”

Kesho yake tulikwenda hospitali watatu, mimi na binti zangu. Clementina alipoingia kwenye chumba cha picha, muuguzi mmoja, Regina, akaniita nyuma ya pazia.

“Mzee, na wewe. Vua shati.”

“Mimi mwanaume, mwanangu.”

“Kwani hayo kifuani umeazima? Inua mkono.”

Nikainua. Vidole vyake vilikuwa baridi, na vilikwenda polepole, havikuruka mahali. Hakukuta kitu.

Nilitoka na shati mkononi. Clementina alikuwa ameshatoka: safi kwa leo, arudi baada ya miezi sita, majibu ya damu yatafuata. Joanitha alimkumbatia mdogo wake kwa mkono mmoja, ule usiouma. Kisha akanitazama.

“Baba,” akasema, “miaka miwili iliyopita, nilipokwenda zahanati, ulikuwa hapa hapa Kigoma.”

“Nilikuwa hapa.”

Alitikisa kichwa, akamshika Clementina mkono, wakaenda. Nilisimama pale nikifunga vifungo. Hawakunisubiri.