Vifurushi vya Mashine za Kimuli

Mimi najivuna, na sioni haja ya kuficha. Kompyuta za shule yetu hapa Kimuli nimezifufua mimi, Mwalimu Evangelina, na atakayeuliza nitamjibu hivyo hivyo.

Usharika ulituletea kompyuta ndogo, kila moja ukubwa wa kiganja, imefungwa nyuma ya skrini yake. Ziliwaka vizuri, ila hazikuwa na programu hata moja ya kuandikia, na shuleni intaneti hakuna. Mzee Cleophace, mzee wa kanisa aliyezisimamia, akatoa kauli: zisipofanya kazi ikifika Ijumaa, anazihamishia shule ya Rugu. Wanafunzi wangu walikuwa wamejifunza kibodi kwa kuichora kwenye karatasi. Wazo la kuwanyang'anya zile mashine lilinichoma moyo.

Nikapanda bodaboda na laptop yangu hadi mjini Kayanga kwenye mtandao. Huku kwetu tumezoea kujaziwa nyimbo kwenye flash mjini, na wimbo ule ule unapiga kwenye simu, kwenye redio, hata kwenye spika za harusi. Nikadhani programu nazo ni hivyo. Nikapakua vifurushi vya programu, nikajaza flash, nikarudi ofisini nikitamba.

Kompyuta ya kwanza ikakataa. Ya pili nayo. Ujumbe ulikuwa mmoja: kifurushi hiki ni cha prosesa ya aina nyingine. Mwalimu Gosbert, mwenzangu wa meza ya pili, alicheka mpaka chai ikampalia.

"Madamu, waachie watu wa Rugu," akasema. "Wana wataalamu."

Nilikasirika kweli. Nikausoma tena ule ujumbe. Kumbe laptop yangu ilijipakulia vifurushi vya kwake. Prosesa yake, yaani ule ubongo wa mashine, ni ya aina moja, ya zile ndogo ni ya aina nyingine, kama za kwenye simu, na programu iliyoandaliwa kwa hii haifanyi kazi kwenye ile. Sikuwa nimeiambia kwamba nabeba mzigo wa mwingine.

Alhamisi nikarudi Kayanga. Safari hii niliitajia laptop aina ya prosesa ya mashine za shule, nikaiamuru ipakue tu, isijisakinishie kitu. Kisha nikafuatilia kila kifurushi kinachotegemewa na kingine, maana kikikosekana kimoja, programu nzima inagoma.

Ijumaa asubuhi zikakubali, moja baada ya nyingine. Anatolia, binti ambaye darasani hafungui mdomo, aliandika jina lake, akalikuza mpaka likajaza skrini. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Pikapu ya Mzee Cleophace ikaingia. Nikapiga magoti kumsalimia, kama desturi yetu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akazitazama skrini, moja moja. "Nani kafanya kazi hii?"

"Tumeshirikiana, mzee," Gosbert akawahi.

"Ni mimi," nikasema, magoti bado chini. "Peke yangu."

Mzee akavua kofia.

"Basi inuka," akasema. "Rugu nao wanazo zao, zimelala kwenye maboksi tangu mwaka jana. Wataalamu wao walisema ni mbovu, ndiyo maana nikataka kuwapelekea hizi. Utakwenda kuziangalia?"

"Nitakwenda, mzee. Ila kwanza uniulizie prosesa zake ni za aina gani."

Mzee akamgeukia Gosbert. "Wewe mliyeshirikiana naye, prosesa ndiyo nini?" Gosbert akanitazama mimi.