Choo cha Mama Penina

Saa tatu asubuhi, katika hospitali moja ya Dodoma mjini, Penina alilazwa ubavu wa kushoto akiwa na gauni lililo wazi kwa nyuma. Jana yake alikuwa amekunywa lita nne za dawa ya kusafisha utumbo, na tumboni hakikubaki kitu ila hasira. Hasira yenyewe ilikuwa na miaka mitatu.

Miaka mitatu nyuma, kwenye zahanati ya kijijini kwao, ng'ambo ya Mlali, alimwambia karani kwa sauti ya chini, kama mtu mzima anavyosema mambo hayo: "Choo changu kina damu." Karani akaandika vilevile na kumpelekea bwana afya. Bwana afya, jina lake Fabian, akaja nyumbani kwake na futi, akapima shimo la choo, akakagua mfuniko, akampa Penina cheti chenye mhuri kwamba choo chake ni safi. Penina alieleza mpaka akachoka. Baada ya hapo Fabian hakuonekana tena, watu wakasema kahamishwa.

Daktari Brightness alipitisha mpira wenye kamera. Mashine ilikuwa mpya, ya utafiti. Ikiona kinyama kilichoota kwenye utumbo, inakizungushia yenyewe mstari wa kijani. Kwenye kona ya kwanza ilimzungushia Fabian. Alikuwa amekalia ndoo, anaandika.

"Shikamoo, mama," alisema Fabian.

"Marahaba. Mkeo anakutafuta."

"Nilirudi kuhakiki. Barua ilisema kina damu, na huku kweli ipo. Ripoti naandika kila mwezi, nasubiri majibu. Ila jana, mama, maji nusura yanichukue."

Daktari alimwomba asogee. Nyuma yake kulikuwa na uvimbe. Fabian akausoma kwenye daftari: mwaka wa kwanza punje ya karanga, wa pili yai la kanga, sasa ngumi ya mtu.

"Ungekuwa bado karanga, mama, tungeukata kwa waya unaopita humu humu, mchana ukawa nyumbani," alisema daktari. "Sasa ni kupasuliwa. Na hatujui umeshafika wapi."

Penina alimtazama Fabian kwenye kioo cha mashine. Ilimuuma, na hakuficha. "Miaka yote hiyo unaupima tu?"

"Kuondoa si idara yangu, mama."

Walimtoa Fabian, wakamfuta. Watafiti walikuwa wamempiga picha kadhaa mle ndani, kabla hajasogea. Uvimbe haukuonekana hata kwenye moja, maana aliukinga kwa mgongo.

Adhuhuri Penina alikaa mapokezi akisubiri tarehe ya upasuaji, Fabian pembeni yake. Dirishani alisimama mzee mmoja wa Kondoa, kofia mkononi. Akainama, akasema kwa sauti ya chini, "Choo changu kina damu."

Karani wa mapokezi hakuinua macho. "Cha shimo au cha kuvuta?"

Penina alifungua mdomo aseme, lakini Fabian alikuwa ameshasimama na futi yake.